Swali Moja Baada ya Alasiri

Ijumaa hiyo Tobias Makokha alikuwa ameshuka mjini kununua bawaba za kabati na misumari midogo. Alikuwa amemaliza shughuli zake, mfuko wa karatasi mkononi, anakatiza karibu na Msikiti wa Jamia, alipomwona mke wake.

Nasimiyu alikuwa amejitanda mtandio wa zambarau ambao Tobias hakuwahi kuuona. Alikuwa amemshika mkono mzee mmoja mrefu, mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, na wote wawili walikuwa wakicheka. Hakikuwa kicheko cha adabu, kile cha mfanyakazi na tajiri wake. Nasimiyu alikuwa amekipanua kinywa mpaka likaonekana pengo la jino la nyuma alilong'oa mwaka juzi, pengo ambalo nyumbani alilifunika kwa kiganja kila alipotabasamu. Walipofika ukingoni mwa barabara akasimama, akamnong'oneza mzee neno, mzee akainua mguu, wakavuka pamoja polepole, vidole vyao vimeshikana.

Tobias alimjua mzee yule bila kuambiwa. Alikuwa Mzee Mabruki, mwenye miaka sabini na tisa, karani mstaafu wa bandarini Mombasa, ambaye ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla macho yote mawili. Mkewe alipofariki, binti yake Nadira, mhasibu wa ofisi moja hapo mjini, alimleta Nairobi akae naye katika fleti yake ya Muthangari. Nasimiyu, aliyekuwa amesomea kozi ya kuhudumia wazee, aliajiriwa kumtunza mchana: kumpa dawa, kumpikia, kumtembeza, na siku ya Ijumaa kumfikisha msikitini, ambako mwanamume mmoja wa pale alimpokea mlangoni na kumwingiza ndani. Kumshika mkono ndiyo kazi yenyewe. Tobias alilijua hilo. Hata hivyo alijikuta amejibanza nyuma ya meza ya muuza magazeti kama mtu aliyefumania.

Angekuwa kijana, Tobias angejua la kufanya. Angemfuata yule mwanamume, angemkunja shati, watu wangejaa na jambo lingekwisha. Lakini utamwambia nani kwamba unaona wivu kwa sababu ya kipofu wa miaka sabini na tisa? Alirudi kwenye banda lake la useremala kando ya Ngong Road, akapiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba usiofaa kwa lolote.

Walikuwa wameoana miaka kumi na saba. Walikuwa Wabukusu wa Bungoma wote wawili, wakapanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu mtaani Jamhuri, wakamzaa Lenox, ambaye sasa alikuwa shule ya bweni. Katika miaka yote hiyo Tobias hakukumbuka hata siku moja waliyoshikana mikono barabarani. Yeye alitembea mbele, Nasimiyu nyuma hatua mbili tatu. Hakuna aliyepanga hivyo. Ndivyo walivyokuwa wakitembea tu.

Jioni alimngoja kwa hamu ya kuona kama angeutaja mtandio. Nasimiyu aliingia bila mtandio, akavua viatu mlangoni. Tabia hiyo nayo ilikuwa mpya. Nguo zake zilinukia udi.

"Baba Lenox," alisema wakati wanakula, "kwa nini mwanamume wa kwetu hampi mkono mama mkwe wake?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi minane sasa. Maswali. Zamani Nasimiyu alileta nyumbani habari za bei ya sukuma wiki na nani kagombana na nani kwenye mfereji wa maji. Siku hizi alileta maswali. Kwa nini watu wa Nairobi hupiga chakula picha kabla ya kukiombea? Kwa nini mtu akiwa bado bafuni husema niko njiani? Kwa nini ukiulizwa "sasa" lazima ujibu "poa" hata kama umefiwa asubuhi hiyo? Kwa nini sisi humweka maiti wiki mbili tukifanya mikutano, na Waislamu humzika siku hiyohiyo, na je, mtoto wa marehemu akiwa mbali?

"Ni heshima," alisema Tobias.

"Heshima ya nini?"

"Heshima ni heshima, Mama Lenox. Kula."

"Mzee anasema kwao mkwe na mama mkwe hukaa pamoja, wakala sinia moja. Anafikiri labda sisi tuliona ugomvi unaweza kuingia hapo, tukaweka ukuta mapema."

Tobias alisukuma sahani. "Mtu wa Mombasa ndiye atanifundisha mimi Ubukusu?"

"Hafundishi. Anauliza." Nasimiyu akaeleza kwa sauti ya chini, kama anayefungua kifurushi chake. Kila siku mzee akishaswali alasiri, walikaa roshani. Mzee alimwuliza Nasimiyu swali moja kuhusu watu wa kwao, naye Nasimiyu alimwuliza mzee swali moja kuhusu Waswahili, ama Uislamu, ama chochote. Asiyejua jibu hakuruhusiwa kudanganya. Alitakiwa aseme sijui, na kesho yake aje na jibu baada ya kuulizia. Kwa kuwa mzee haoni, Nasimiyu ndiye aliyeyaandika yote katika daftari. "Ndiyo maana nakuuliza wewe," alisema. "Mengine siyajui."

Kumbe hata maswali aliyoyaleta mezani yalikuwa ya mzee. Tobias alihisi kama mtu anayelishwa makombo ya karamu ya watu wengine.

Jumapili iliyofuata, Nasimiyu alipokuwa nje akianika nguo, Tobias alifungua mkoba wake. Alijiambia anatafuta kalamu. Daftari lilikuwa la kawaida, la kurasa mia, lenye jalada la buluu. Alifungua katikati na mwandiko wa mkewe ukampokea, mdogo, wima, kama wa mwanafunzi mwenye bidii.

Swali la Mzee, alisoma. Jina Nasimiyu maana yake nini? Jibu langu: Ni mtoto wa kiangazi. Mzee akauliza, kiangazi kipi? Nikasema sijui. Nikampigia mama simu. Alisema ni ule mwaka ng'ombe wetu watatu walikufa, na siku niliyozaliwa ndipo wingu la kwanza lilipotanda, baba akakataa kunibadilisha jina.

Miaka kumi na saba, na hajawahi kusikia habari ya ng'ombe watatu. Akafungua ukurasa mwingine.

Swali la Mzee: Kwa nini mumeo hakuiti kwa jina lako? Jibu langu: Kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mtoto, na ni heshima. Mzee akasema, hilo ni jibu la watu wote, lako ni lipi? Jibu langu: Sijalia juu ya jambo hilo. Lakini siku ya kwanza uliponiita Nasimiyu, niligeuka nyuma kuangalia ni nani unayemwita.

Tobias alilifunga daftari na kulirudisha pale pale. Akatoka, akakaa kwenye ngazi, akatazama mashati yake yakining'inia. Hasira ilimjia kwanza, halafu kitu kingine ambacho hakukipatia jina. Neno lile alikuwa ameliweka kifuani mwake muda gani? Na kwa nini alimpa mtu mwingine?

Siku iliyofuata alfajiri, Nasimiyu akifunga mlango wa jikoni, Tobias alikohoa na kusema, "Nasimiyu."

Lilitoka vibaya. Lilitoka kama karani wa hospitali anavyoita wagonjwa. Nasimiyu aligeuka.

"Umesoma daftari langu," alisema.

"Nimekuita tu."

"Umelisoma." Hakupandisha sauti. Alichukua mkoba, akaupapasa kuhakikisha daftari limo, akaenda kazini. Kuanzia siku hiyo daftari halikuja tena nyumbani. Likabaki Muthangari, na Tobias akaanza kuliona usingizini.

Wiki mbili baadaye alikuwa Kenyatta Market na Waithaka, fundi mwenziwe wa banda la pili, wakila nyama. Waithaka alipenda kusimulia kazi alizozipata, hasa mbele ya mtu aliyezikosa.

"Juzi nilikuwa Muthangari," alisema Waithaka huku akikamulia ndimu. "Nimemtengenezea mzee mmoja kipofu kiti cha kuogea, na vishikio vya ukutani kutoka chumbani mpaka choo. Kazi safi. Halafu kumbe mama anayemlinda ni bibi yako! Ndiye alinifungulia mlango."

Tobias alirudisha kipande cha nyama kwenye sinia. "Nani alikupatia hiyo kazi?"

"Binti ya mzee. Alisema aliuliza kama kuna fundi anajulikana, hakuna aliyemjua mmoja, akanipata kwa mtandao." Waithaka alimtazama usoni, akaelewa, na akajitia kutafuta chumvi.

Jioni Tobias hakungoja chakula kiive. "Mimi ni fundi wa mbao," alianza kabla Nasimiyu hajavua viatu. "Mtaa mzima unajua. Watoto wanajua. Unaulizwa kama unamjua fundi, unanyamaza?"

Nasimiyu alikaa kitini. Hakukana. "Nilinyamaza."

"Unanionea aibu?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Alivua kiatu kimoja. "Kanisani mimi ni bibi ya Tobias. Hapa kwa plot, kwa majirani, ni Mama Lenox. Kwenu ni mke wa mtoto wa Makokha. Pale Muthangari ni mahali pangu, peke yangu. Sikutaka uingie ukapime kuta."

Ni bora angesema anamwonea aibu. Aibu ungeweza kuiondoa kwa shati jipya. Tobias alilala akitazama ukuta, na wivu, ambao mpaka siku hiyo ulikuwa ukimtafuna kimyakimya, ukapata kisingizio cha kusema kwa sauti. Mtandio. Udi. Viatu mlangoni. Maswali ya dini. Mambo yote yalijipanga vizuri kama mbao zilizopimwa.

Jumamosi alikwenda kumwona Hezekiah, mzee wa kanisa lao, akamwambia anahofia mkewe anavutwa kusilimu. Alipokuwa akiyasema alijua hayaamini. Aliyasema hivyo hivyo.

Hezekiah alikuja siku ya pili na mama wawili wa kanisa. Nasimiyu aliwapikia chai, kwa kuwa alidhani wamekuja kumsalimia. Walipomaliza kikombe cha kwanza, Hezekiah aliweka Biblia kwenye goti.

"Dada, tumesikia unafanya kazi kwa Waislamu."

"Ndiyo, Mzee. Ninawahudumia vizuri."

"Na unavaa mavazi yao. Na kuna mafundisho. Tumeambiwa unaandika mpaka kwenye daftari."

Kikombe kilitulia mkononi mwa Nasimiyu. Neno daftari ndilo lililomwonyesha njia. Watu wawili tu ndio waliojua kwamba kuna daftari, na mmoja wao alikuwa kipofu wa Muthangari. Hakumtazama Tobias. Alimtazama Hezekiah, akajibu kila alichoulizwa, taratibu, mpaka mwisho. Mtandio alijitanda kwa sababu alikuwa anasimama mlangoni mwa nyumba ya ibada ya watu. Hajamwacha Yesu. Kama kuuliza ni dhambi, wamwonyeshe ni wapi palipoandikwa. Mama mmoja alianza kusema kitu kisha akaona haya. Waliomba, wakaenda.

Nasimiyu aliosha vikombe. Tobias alingoja kelele. Kelele hazikuja, wala siku ya pili, wala ya tatu. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, salamu ilitolewa. Ila maswali yalikoma. Mezani palisikika vijiko tu, na Tobias, aliyekuwa akiyachukia maswali yale, aligundua kuwa siku nzima bandani amekuwa akitayarisha majibu. Alikuwa ameulizia kwa simu kijijini habari za wakwe kutopeana mikono. Mjomba wake alimweleza mambo ya ajabu, marefu, na hakuna aliyemwuliza.

Naye aliwaza: kule Muthangari, saa kumi jioni, wanaulizana. Hilo ndilo lililomtoa.

Nasimiyu hakwenda kazini Jumapili. Baada ya ibada alikuwa na chama cha kina mama. Tobias alivaa shati lake la kola, akavuka Ngong Road kwa miguu, akakata Kilimani, akapandisha mpaka Muthangari, na njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya maneno. Mzee, nakuheshimu, lakini. Mzee, mimi ni mwanamume mwenye nyumba yangu.

Nadira ndiye aliyefungua, mwanamke mwembamba mwenye miwani. Aliposikia jina alitabasamu. "Wewe ndiye Baba Lenox! Karibu, karibu ndani. Baba, una mgeni."

Tobias aliona viatu vimepangwa mlangoni, akavua vyake. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechungulia nje. Alishukuru kwamba mzee haoni.

Mzee Mabruki alikuwa ameketi roshani, kichwa kimeinama upande mmoja kama anayesikiliza redio.

"Habari yako, Mzee," alisema Tobias. Shikamoo haikuwa katika mazoea yake. Kwao mtu humpa mkubwa mkono.

"Marahaba," akajibu mzee, kwa sauti ya mtu anayechukua haki yake hata kama haikutolewa. "Keti. Wanukia vanishi. Wewe ndiwe fundi niliyefichwa."

"Nimekuja tuongee kama wanaume."

"Wanaume huongea vipi?"

Tobias hakujua kama anachekwa. Uso wa mzee ulikuwa umekazana, ukingoja jibu kwa dhati, na maneno yote aliyoyafanyia mazoezi njiani yalimpotea. "Mke wangu amebadilika," alisema.

"Kawa vipi?"

"Anauliza maswali."

"Nawe wamjibu?"

Tobias alibadilisha njia. "Watu wanasema unataka kumsilimisha."

"Watu gani?" Mzee alikunja uso, na sasa hakuwa akicheza. "Miezi tisa nimemwuliza imani yake naye kaniuliza yangu. Yeye bado asali kwao, mimi bado nasali kwangu. Ungeuliza ungejua. Watu! Hao watu ni wewe, yakhe. Alikuja hapa siku ile macho yamevimba, nikamwuliza, akasema sitaki swali leo. Siku nne nzima sikupewa swali. Mimi, ambaye nangoja alasiri tangu alfajiri!"

Aligonga kiti kwa vidole. Tobias aliona mikono ile, mirefu, laini, ya karani, ile aliyoiona imeshikwa mjini, na wivu ukamrudia moto moto. "Ni mke wangu," alisema.

"Najua ni mkeo. Nakumbushwa kila siku." Mzee aliinama mbele. "Unajua saa kumi na mbili kasorobo hapa huwaje? Nasikia aproni yakunjwa. Nasikia zipu ya mkoba. Hapo mimi huanzisha swali jipya, refu, lenye matawi, apate kuchelewa. Naye hujibu kasimama mlangoni, kisha asema, Baba Lenox yuaningoja. Baba Lenox hapendi chakula cha kupoa. Baba Lenox kifua chamsumbua na vumbi la mbao. Wallahi nimechoka na jina lako."

Tobias alikunja kidole kilichochungulia soksini.

"Nadira alimwambia ahamie hapa, alale," mzee aliendelea, akinung'unika kama mtoto aliyenyimwa. "Chumba chake mwenyewe, mshahara juu zaidi. Mimi ndimi niliyemshurutisha Nadira. Akakataa. Sikusema naye siku mbili, kwa hasira."

"Alikataa lini?"

"Mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu ulikuwa umepita zamani. Tobias hakuwa amesikia hata neno. "Alisema kwa nini?"

Mzee aliegemea kiti chake, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, tabasamu la uchoyo kabisa. "Sikwambii. Haya niliyonayo nimeyapata kwa kuuliza, moja moja. Siwezi kukupa bure. Kamwulize mwenyewe."

Tobias alirudi Jamhuri kwa miguu vilevile. Nasimiyu alikuwa amesharejea kutoka chamani, anachagua ndengu kwenye ungo. Tobias alimweleza alikotoka, kwa sababu alijua kesho yake Nasimiyu angeambiwa na mzee, na safari hii alitaka yeye atangulie.

Mikono ya Nasimiyu iliacha ndengu. "Umeenda kazini kwangu."

"Nimeenda."

"Baada ya kuleta Hezekiah hapa kwangu, umeenda mpaka kule."

"Ndiyo." Tobias alikaa kwenye kigoda mbele yake. Hakuwa amewahi kukikalia. Kilikuwa cha jikoni, chake kilikuwa kiti chenye mikono. "Nataka kukuuliza kitu. Kwa nini ulikataa kuhamia Muthangari?"

Nasimiyu alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta hila usoni mwake. Kisha akarudi kwenye ndengu, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Kwa sababu nikiwa sipo huwa hupiki," alisema. "Unakunywa chai na mkate unalala. Nilipoenda kumzika shangazi ulikonda mpaka Lenox akauliza." Akatoa kijiwe kingine. "Na yule mzee anakoroma hata mchana. Usiku je?"

Tobias alitaka kucheka akaogopa kuwa bado hajaruhusiwa. Ilikuwa kweli, hakuruhusiwa. Nasimiyu aliweka ungo chini na kumwambia kwamba Jumapili ijayo atasimama mbele ya Hezekiah na wale mama wawili, aseme kwamba alichowaambia kilikuwa uongo, na aseme ni kwa nini alisema.

"Hiyo ya kwa nini itakuwa ngumu," alisema Tobias.

"Ndiyo. Sema hiyo hasa."

Alisimama na kusema. Aliwaambia pale nje ya kanisa, jua likimpiga utosini, kwamba mke wake hajaasi imani, bali yeye aliona wivu. Kwa nani? Hezekiah akauliza. Kwa mzee kipofu, alijibu Tobias, na mama mmoja alilazimika kugeuka kando na kujifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Mpaka leo kuna watu Jamhuri wanaomchokoza kwa jambo hilo. Waithaka ndiye wa kwanza.

Itakuwa uongo kusema wivu ulikwisha siku hiyo. Ulibaki, ila ulikuwa kitu kinachojulikana humo nyumbani, kama mguu unaouma wakati wa baridi. Tobias alijifunza kuuliza, na mwanzoni aliuliza vibaya. Alimwuliza Nasimiyu anapenda rangi gani, akajibiwa kwamba hayo ni maswali ya mtihani wa darasa la kwanza. Akauliza siku moja alikuwa akiwaza nini walipopanda basi kuja Nairobi mara ya kwanza. Nasimiyu alijibu kwa saa nzima, na mengine katika majibu hayo yalimwuma, kwa sababu yeye alikuwa ameketi kiti cha pembeni na hakuona chochote. Naye alimweleza ya mjomba, habari ya wakwe. Nasimiyu aliyasikiliza yote, halafu akasema, "Mzee atapenda hii," na Tobias akahisi ule mguu ukimchoma.

Mwezi wa nane Nadira alihamishiwa ofisi ya Mombasa, akarudi na baba yake. Nasimiyu alipata kazi nyingine Kileleshwa, kwa bibi mmoja asiyependa kuongea, aliyetazama televisheni kutwa. Siku ya kuagana na mzee alirudi nyumbani amelia, akaketi akalia tena. Tobias aliyatazama machozi yale na akajiuliza kama yeye akifa yatakuwa mengi kama hayo. Alijua ni wazo la kipumbavu. Alikaa naye hata hivyo, hakutoka nje kama alivyozoea mambo ya kilio yalipomshinda.

Baada ya hapo mzee alianza kupiga simu kila Ijumaa akitoka msikitini. Nasimiyu aliweka simu sikioni, akatembea nayo uani, na kicheko kile cha pengo la jino kikasikika mpaka chumbani. Tobias alisikiliza akiwa anapiga kigoda msasa.

Ijumaa moja Nasimiyu aliingia na kumnyooshea simu, uso umekunjamana kidogo. "Anakutaka wewe."

"Mimi?"

"Fundi," ilisema sauti ya mzee, "nina swali la mbao. Huyu hawezi kunijibu. Mlango wa baba yangu ulikuwa wa mvule, ukafunguka miaka sitini bila kulia. Wa Nadira ni mpya na walia kila siku. Kwa nini?"

Tobias aliweka msasa chini. Akaanza kueleza habari ya mbao kukauka, na namna mti unavyokumbuka upande uliopata jua, na kwa nini mafundi wa siku hizi hawangoji. Mzee akauliza la pili, na la tatu. Tobias aliulizwa mambo ambayo hakuwahi kuulizwa na binadamu yeyote. Alisimama, akaenda dirishani, akacheka kwa sauti, akarudi, akaketi.

Alipoinua macho, Nasimiyu alikuwa ameegemea mlango, mikono amefumbata kifuani.

"Dakika ishirini na tano," alisema. "Na leo nilikuwa na swali langu."

Tobias aliiona sura ile, namna midomo ilivyojibana na macho yalivyokwepa, akaitambua mara moja. Alimpa simu. Nasimiyu aliipokea bila kumtazama na kutoka nayo uani, akasimama mbali, karibu na kamba ya nguo, ambako mtu wa ndani hawezi kusikia.